Maji ya Moto kwenye Ngozi Iliyokufa Ganzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Same, Matroni hakunipa sindano. Alinipa beseni la bandeji zilizotumika.

"Zifue, uzichemshe, uzianike. Hapa bandeji haistaafu kabla yako."

Ilikuwa miaka ya dhiki, hata sabuni tuligawana vipande. Matroni huyohuyo ndiye aliyenifundisha kipimo cha pamba: kabla ya kumwekea mgonjwa kitu cha moto, mwambie afumbe macho, mguse kwa pamba, umwulize umegusa wapi. "Ngozi iliyokufa ganzi haijui kujitetea," alisema.

Nilipangiwa kwanza zahanati ya tambarare upande wa kijiji cha Bendera, nikawahudumia vibarua wa mkonge. Niliporudi Same kusimamia chumba cha vidonda, biashara ilikuwa imefunguliwa. Mitumba ilijaa stendi, na wenye mitaji walisafiri nje kufuata vitenge. Mmoja wao alikuwa Mama Eliamini.

Safari moja alirudi amejikunja. Nyumbani alisema tu kwamba amepasuliwa tumbo. Mama mkwe wake akateremka kutoka Mamba, kule milimani, kumuuguza, naye akafanya anachofanyiwa kwetu kila mzazi aliyetoka kujifungua: kukanda tumbo kwa maji ya moto, kisha kulifunga kwa khanga.

Walimleta akiwa na homa kali na tumbo limejaa malengelenge.

"Mama, maji yalikuwa ya moto kiasi gani?" nilimwuliza mkwe.

"Ya kawaida! Nimekanda wazazi wa ukoo mzima, wote hupiga kelele. Huyu alinyamaza, nikadhani yamepoa. Nikaongeza."

Nikachukua pamba. "Mama Eliamini, fumba macho. Nimegusa wapi?"

"Bado hujanigusa, Sista."

Nilikuwa nimeshapita tumbo zima. Ndipo nikaona vitundu vidogo karibu na kitovu na kwenye kinena. Nikamwomba mkwe atupishe kidogo.

"Hao waliokupasua walikufanya nini, mwenzangu?"

Akalia. "Walinivuta mafuta kwa mrija. Usimwambie mama, atasema nimechezea mwili."

"Ya mama tuyaache kwa baadaye. Daktari lazima ajue sasa hivi."

Mganga Mfawidhi alisikiliza, akabonyeza taratibu. Alitueleza kwamba mrija ule huvuruga mishipa ya fahamu, ndiyo maana ganzi hubaki kwa wiki au miezi. Palipotolewa mafuta maji hujikusanya, na yake yalikuwa yameanza kuwa usaha.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Ningetibu kuungua tu, usaha ungeingia kwenye damu, na tungekupoteza."

Alifungua njia ya usaha na kumwanzishia dawa za mshipa. Mimi nilibaki na kazi ya kusafisha vidonda. Homa iliposhuka, mkwe aliambiwa yote na mgonjwa mwenyewe. Akasema, "Ungeniambia, mwanangu, maji ningeyapikia chai."

Umbo alilokwenda kulinunua hakulipata. Tumbo lilibaki na matuta kama barabara ya vumbi, na baada ya muda unene ukaota mgongoni.

Sasa nimestaafu, na wasichana hunifuata: "Shikamoo Sista, eti kuvuta mafuta kuna ubaya?" Siwacheki, maana kutaka kupendeza si dhambi. Nawaeleza kwamba ile si dawa ya unene, kwamba ngozi inaweza kukunjamana, na kwamba damu ikiganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni na kuua. Ukiamua, umjue anayekupasua, ujue nani atakuangalia baadaye, na nyumbani useme ukweli.

Halafu nawasimulia asubuhi moja ambayo sitaisahau. Nilikuwa nabandua bandeji iliyogandamana kwenye tumbo lile la ganzi, Mama Eliamini akaruka kitandani.

"Aii! Sista, unaniua!"

Mkwe, aliyekuwa akikoroga uji, aliweka kikombe chini na kupiga vigelegele. Wodi nzima ikageuka kutazama kwa nini mtu anashangiliwa kwa kuumia.