Mchanga wa Mama

Mama huniita Papa, yaani baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, na akitaka jambo gumu huniita hivyo mara mbili. Mwaka huu nilipofika Kalemie kwa likizo kutoka Lubumbashi, aliniita mara mbili kabla sijavua viatu.

"Papa, Papa, uende kupiga foto ya nyumba yetu, mbele ya kuanguka."

Nyumba yenyewe iko ufukoni, au tuseme ziwani, maana Tanganyika ilipanda mpaka ikaingia sebuleni, na Mama akahamia mlimani kwenye vyumba viwili vya kupanga. Alitaka picha ya kutundika ukutani huko. Nikakunja suruali, nikapiga. Jioni aliitazama, akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi: "Sasa toa maji."

Anajua uchawi wangu. Kila nisafiripo napiga picha, kisha nazisafisha kwenye simu: nafuta nyaya za umeme, nafuta takataka, mbingu naipa rangi. Vilima vya Kirungu vilitoka kwangu vizuri kuliko Kirungu yenyewe. Maji ya magotini yangenishinda? Nikayafuta, na programu ikajaza mchanga mweupe, laini, mtupu. Nikamkabidhi simu huku nimejaa maringo.

Mama akavaa miwani. "Mulango njo wetu," akakubali. "Lakini huu muchanga ni wa nani?"

"Wako, Mama."

"Mi nilikuwaka nafagia. Huu hakuna muntu aliufagia."

Hapo nikakumbuka. Kila alfajiri, kabla ya kuanika ndagala, wale samaki wetu wadogo, wanawake wa mtaa walifagia mchanga mbele ya milango yao, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Jirani alivuta mistari iliyonyooka. Mama alifagia kwa nusu duara, akirudi kinyumenyume mpaka kizingitini, na ole wako ukanyage kabla samaki hawajamwagwa. Tukitoka kuoga ziwani tulijua kwetu kwa kutazama chini.

Nikafungua picha za likizo za zamani. Mchanga ulikuwemo, kule chini, mahali nilipokuwa nakata siku zote ili nyumba ikae katikati. Bahati nzuri picha zenyewe kabla ya kukatwa zilikuwa bado kwenye simu. Nilishinda siku nzima nikihamisha mikwaruzo ya ufagio wa Mama, kipande kwa kipande, mpaka mlangoni. Nilifurahi mno, nikatamani niukanyage tu, anigombeze.

Safari hii Mama alipitisha kidole kwenye kioo akifuata nusu duara moja baada ya nyingine, picha ikawa inamkimbia, nikawa namrudishia.

"Hapa njo kwetu," akasema.

Nikainuka niende mjini kuichapisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita Papa, Papa.

"Rudisha maji."

"Mama, nimeifanyia kazi siku muzima."

"Wajukuu wakiona nyumba muzuri hivi, tena kavu, watasema mimi niliiacha tu."

Nikakaa tena. Nikayarudisha maji mpaka juu ya kizingiti, na nusu duara zake zote zikafunikwa.