Miaka Minne Niliyopunguziwa

Ili kufanya mtihani wa darasa la nne, mtoto hakutakiwa kuzidi miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa na kumi na mitano. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili ikawa kumi na mitano. Nilichelewa kuanza shule kwa sababu baba alikuwa mkata mkonge, na mikono yangu ilihitajika kumfungia mizigo ya majani. Bila mtihani hakuna darasa la tano, na bila darasa la tano ningerudi kwenye mizigo.

Bahati nzuri nilizaliwa nyumbani, kijijini Mvumi, kabla hatujahamia shamba la mkonge, bila karatasi yoyote. Mwalimu alinifikia na kitabu cha majina.

"Una miaka mingapi?"

"Mwalimu unanipa mingapi?"

"Kumi na mitatu. Ndiyo mwisho."

Hapo ningeshukuru nikanyamaza. Lakini mama yangu aliwahi kuuza ndizi Magomeni, na mtoto wa muuza ndizi hakubali bei ya kwanza. Nikamwambia kumi na mitatu iko ukingoni mno, mkaguzi akiongeza mmoja tu nimeanguka. Tukashuka taratibu mpaka kumi na mmoja. Akaandika kwa wino.

Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa hilohilo. Yeye alizaliwa kwenye zahanati ya shamba la mkonge, ana kadi ya kuzaliwa, na kadi inasema kumi na miwili.

"Basi huyu sasa ni dada yako," mwalimu alisema wino ulipokwisha kukauka. "Mkaguzi hupenda kuuliza mambo ya ndugu. Kuanzia kesho umwamkie, uzoee."

Asubuhi nikamwamkia.

"Sikusikia vizuri."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndoo ile pale, mdogo wangu."

Nikamtazama baba. Aliendelea kunoa kisu chake. "Serikali imeshaandika," akasema. "Nenda kachote maji."

Kwa wiki tatu wenzangu walijiandaa kwa hesabu na jiografia. Mimi niliandaliwa kuwa mdogo. Nilinyolewa vinywele vya juu ya mdomo. Nilikatazwa kusema mbele za watu, maana sauti yangu ilikataa kupunguzwa.

Siku ya mtihani mkaguzi, Mzungu mrefu, alisoma kitabu, kisha akanitazama kuanzia miguuni hadi utosini. "Huyu ana kumi na mmoja?"

"Ni posho ya unga ya kambi ya mkonge, bwana," mwalimu akajibu. "Inarefusha."

Mkaguzi akatuita mimi na mdogo wangu mbele. "Kati yenu nani mkubwa?"

Mdogo wangu akanitazama kwanza. Alijua darasa langu la tano liko mdomoni mwake. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Masikio umenawa?"

Mkaguzi akaweka alama ya vema.

Swali la kwanza la hesabu lilisema: mvulana amemzidi mdogo wake miaka mitatu, mdogo ana miaka kumi na miwili, mvulana ana miaka mingapi? Nikahesabu mara mbili. Kumi na mitano, kumi na mitano. Viatu vya mkaguzi vilikuwa vimesimama kando ya dawati langu. Nikaandika kumi na mmoja.

Nafasi ya darasa la tano niliipata hata hivyo. Mdogo wangu naye aliipata, akanipita kwa alama moja. Jioni ya matokeo nikamwambia mtihani umekwisha, sasa aanze kuniamkia.

Akasema hana neno, yuko tayari hata sasa hivi. Nilete tu kadi yangu.