Mundu Ukutani

Hapana, huo mundu si wake, ni wangu. Binti anayetembeza wageni hajaniuliza, lakini namwambia. Nyumba yetu ya Kibosho siku hizi ni makumbusho, na ametoka kuwasomea watu karatasi ya ukutani kwa sauti ya redio, "Kwa mundu huu mwandishi wetu alikata majani ya ng'ombe." Mwandishi wenu ni kaka yangu. Huyo hata kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa kinamshinda.

"Shikamoo bibi. Tafadhali usiguse."

Nimeshagusa. Mpini wameupaka vanishi, lakini pale dole gumba langu lilipokaa bado pamebonyea. Nikiunusa karibu, chini ya vanishi kuna majani mabichi na moshi wa humu ndani, tulimolala na ng'ombe wetu.

Hapa jikoni nilikuwa naigiza watu wote. Padri anavyokohoa kabla ya kutaja sadaka, shangazi anavyolia msibani huku anachungulia sufuria ya mtori. Kaka anacheka mpaka anamwaga maziwa. Siku moja nikamwigiza mwalimu aliyekuwa anaandikisha watoto, kumbe yuko mlangoni anasikia. Hakukasirika. Alicheka, akamwambia baba, "Mzee, huyu msichana ana kichwa. Nipe wote wawili."

Mama akaacha kukoroga. Mimi nilikuwa nimeshasimama, najifuta majivu miguuni.

Baba akautazama mundu wangu ukutani, halafu akasema, "Na majani ya ng'ombe atakata nani?"