Kwanza Ufunguo

Aliyemuudhi koplo wa trafiki siku ile hakuwa dereva hata mmoja. Alikuwa bosi wake, aliyemnyima ruhusa. Mto ulikuwa umefurika, dada yake amempigia simu akilia kwamba mama yao yuko juu ya paa na maji yamefika madirishani, na bosi akajibu tu, "Barabara ya kambi ya jeshi haiwezi kubaki bila mtu." Basi koplo alisimama pale roho mkononi, na kila dereva aliyepita akaonja hasira isiyomhusu.

Madereva walimwita Chomoa. Mkono wake ulipita dirishani, ukachomoa ufunguo, salamu ikafuata baadaye kama ilikuwepo. Askari wapya aliwafundisha hivyohivyo, tena kwa majivuno.

Gari dogo likaja mbio. Akalisimamisha, akachomoa. Ndani walikuwamo wanaume wawili wenye ovaroli za kijani, helmeti kubwa mapajani.

"Afande, tuna haraka," alisema dereva, kapteni kijana. "Rudisha ufunguo."

"Haraka kila mtu anayo."

"Kwani unajua unaongea na nani?"

Swali hilo koplo alilichukia kuliko matusi. Akautupa ufunguo mtaroni, kwenye maji ya tope, chubwi!

"Haya, kauulize huko."

Yule wa pili, mtu mzima kidogo, akashika kichwa. "Ndugu yangu, umefanya nini? Sisi ni marubani, helikopta inatungoja. Kuna watu juu ya mapaa kule mtoni."

Koplo akanywea. Mama yake mzazi, na yeye ndiye aliyewafungia njia waokoaji!

"Pandeni," alisema akiikimbilia pikipiki yake. "Pandeni jamani, tafadhali."

Wakabanana watatu, marubani na helmeti zao za angani, na koplo akaendesha kama mwizi. Karibu na lango la kambi, askari wa kike akajitosa barabarani, mkono juu. Koplo hajamaliza kufunga breki, ufunguo umeshachomolewa.

"Watatu kwenye pikipiki, tena mbio. Halafu ni wewe, afande!"

"Binti, nipe huo ufunguo."

"Si ulinifundisha mwenyewe? Kwanza ufunguo, maneno baadaye. Hata akiwa baba yako."

Kapteni alishindwa kujizuia, akacheka. Koplo alishuka, akaunganisha viganja.

"Mama yangu yuko juu ya paa. Hawa ndio wanaokwenda kumtoa. Nakuomba, mwanangu."

Hakuwahi kumwomba mtu barabarani, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. Binti akaurudisha ufunguo.

Helikopta ilipaa. Koplo akarudi kwenye kituo chake, akangoja, akitazama juu kila ngurumo ilipopita. Hakusimamisha gari hata moja.

Alasiri lori la jeshi likaegeshwa kando yake. Mama yake alikuwa kiti cha mbele, amejifunika blanketi, anatetemeka. Koplo akamkumbatia, akalia mbele za watu bila haya.

Mama alimwacha alie kidogo.

"Yule kijana aliyenibeba kanieleza yote," akasema. "Ufunguo wake uko wapi?"

Koplo akaonyesha mtaro kwa kidevu.

"Haya. Vua viatu."

Na mbele ya foleni nzima iliyomjua, Chomoa akakunja suruali ya kazi, akaingia kwenye tope, akaanza kupapasa.