Mtamba Aliyekula Mahindi Yangu

Hata sasa nikipita karibu na ofisi ya chifu, najifunika uso kwa leso.

Vuli hii, asubuhi baada ya mvua kubwa, nilimkuta mtamba mwekundu katikati ya mahindi yangu hapa Kinakomba, anatafuna bila wasiwasi. Sikuhitaji kuuliza. Ng'ombe wa nani kama si wa Mzee Godana, jirani yetu mfugaji? Nikamfunga kamba, nikamkokota hadi kwa chifu huku nikipiga kelele njia nzima. Nusu ya kijiji ilinifuata.

Godana alipoitwa akaja, nikamnyooshea kidole. "Chifu, mfungie huyu njia ya kunyweshea ng'ombe mtoni! Mnyama wake hana adabu, na yeye pia hana!"

Mzee akasogea karibu. Alimpapasa mtamba, akaligeuza sikio lake la kushoto. "Mama Hadija, alama hii aliikata nani?"

Nikatazama. Mapengo mawili. Niliyakata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kiangazi cha mwaka juzi, siku nilipompelekea Godana ndama wangu wa pekee anichungie, maana nyasi za kwangu zilikuwa zimekauka.

"Ameona mvua, mama," alisema taratibu. "Amerudi kwao."