Fundo la Chumvi

Juzi chumvi ilifika katika duka la ushirika la kijiji chetu, Nyamahanga. Tangu vita vianze ni adimu, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu. Karatasi hakuna, kila mtu hufungia chumvi yake kwenye jani kavu la mgomba.

Mbele yangu alikuwa binti wa miaka kama kumi, mkono wa kushoto umepooza. Alikandamiza jani kwa kiwiko, akavuta kamba kwa meno. Fundo likalegea. Akaanza upya.

"Mama, msaidie mtoto, tunachelewa!" nilifoka.

Mama yake alikuwa amekunja mikono. "Sitaishi naye milele. Mwacheni afunge."

Binti akamaliza, akakipindua kifurushi, akakitikisa. Haikudondoka hata chembe. Foleni nzima tukapiga makofi.

Changu nilikifunga harakaharaka, kwa mikono yangu miwili mizima. Njiani nikawapita. Mara nikasikia nyuma yangu: "Shikamoo mzee. Chumvi yako inamwagika."

"Marahaba." Kweli, nilikuwa nimechora mstari mweupe tangu dukani.

Binti akanyoosha mkono anifungie. Mama yake akamzuia.

"Usimfungie. Mfundishe."

Basi, ndugu wasomaji, nikachuchumaa barabarani. Nilirudia mara tatu, na hakuna aliyenisaidia.