Waya Nyuma ya Banda la Gesi

Kila asubuhi Mama Puto alivua viatu, akavua na bangili yake ya nyuzi za shaba zilizosukwa na kuitundika msumarini, kisha akabandika kiganja kwenye bamba lililopigiliwa ukutani. Ndipo aingie bandani.

Kazi yake ilikuwa kuzalisha haidrojeni ya kujaza puto la watu wa hali ya hewa. Alitia kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, na vipande vya alumini kwenye pipa la chuma, akamimina maji, akakaza kifuniko. Pipa likaunguruma na kupata moto, gesi ikapita bombani, puto likavimba hadi likamzidi kimo. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na cheche moja inalipua banda zima. Hata ile inayotatarika mtu akivua sweta. Bamba liliutoa umeme huo mwilini na kuupeleka ardhini kwa waya uliopita nyuma ya ukuta.

"Huyu ndiye mume wangu," alizoea kutania. "Nisipomsalimia, hakukaliki."

Siku hiyo puto likiwa nusu, mdogo wake, fundi bangili aliyemlea mwenyewe, akatokea mlangoni.

"Dada, leo nataka nilione hilo dude lako."

"Vua viatu, gusa bamba."

"Niguse nini? Si pambo tu hilo siku hizi?"

Akageuza uso haraka.

"Pambo kivipi?"

"Aa, utani tu, dada."

Mama Puto aliujua utani wake tangu akimbeba mgongoni. Akatoka, akazunguka banda, akapekua nyasi. Waya ulining'inia urefu wa kidole, basi. Umekatwa kwa koleo, na mkato umeshaota kutu ya kijani.

 Asubuhi zote hizo alikuwa akisalimia ukuta! Mle ndani alikuwa ameimba, amecheka, amevua sweta kwa joto la pipa.

Akaitwaa bangili msumarini, akaisogeza kwenye kipande kile. Nyuzi zilezile, unene uleule.

"Zawadi uliyonipa," alisema.

"Nilidhani huo waya umekaa bure, dada. Haki ya Mungu, sikujua kazi yake."

"Hukuuliza."

"Na wakaguzi je? Mbona nao hawakuona?"

Wakaguzi! Walikuja, wakanywa soda ofisini, wakapiga picha na puto, wakaenda zao. Roho ya mtu imening'inia hapo, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuinama.

Kuingia tena bandani hakuthubutu. Akafungua valvu ya nje, gesi ikatoka ikifoka, puto likanywea. Simu ya ofisi ikalia: puto liko wapi? Hakuipokea.

Akamtupia mdogo wake bangili.

"Ifumue."

"Dada, waya wake hautafika hata ardhini."

"Najua. Fumua."

Mdogo wake akaketi kwenye nyasi akaanza kufumua. Mama Puto akainua kiganja kuelekea bamba, kwa mazoea tu, kisha akakirudisha upesi kifuani kama aliyeungua.